Miti Shamba na Chuo Kikuu: Safari ya Dawa kutoka Uani hata Maabara

Mji wa Gisenyi umekaa ukingoni mwa ziwa Kivu, na mji wa Goma wa nchi ya Kongo ni jirani yake wa karibu, hapana kinachoitenga miji hiyo miwili ila mpaka. Kaskazini yasimama milima ya moto. Kusini na mashariki vimepangana vilima vya Gishwati, ambavyo zamani vilifunikwa na msitu mkubwa. Wadachi walipoweka boma lao hapo, waliandamana na askari na wapagazi waliosema Kiswahili, na nyuma yao wakaja wafanya biashara kutoka nchi za mashariki. Wengi wa watu hao walikuwa Waislamu. Walijenga, wakaoa katika wenyeji, wakazaa. Na katika nyumba zao tiba mbili zikakutana chini ya paa moja. Mume alikuwa na asali na habasoda, vitu vilivyosifiwa katika mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Mke alikuwa na majani ya kwao: umuravumba kwa kikohozi na homa, umubirizi mchungu kwa maumivu ya tumbo, na inyabarasanya, ambayo Waswahili huiita kishona-nguo, kwa kuzuia damu ya kidonda.

Umuravumba si mti mkubwa. Ni kichaka kinachomzidi mtu kimo kidogo, chenye majani laini yanayonukia yakisuguliwa mkononi, nao hupandwa karibu na nyumba ili usiende kutafutwa mbali usiku mtoto akishikwa na homa. Bibi huyachuma majani, huyaponda au huyachemsha, humnywesha mgonjwa. Hakusoma popote, alimwona mama yake akifanya hivyo, na mama yake alimwona mama yake.

Yafaa kuangalia jinsi jani hilo la uani lilivyofika chuo kikuu, likachunguzwa na watu wa maabara, likaandikwa katika vitabu vya ilmu vya dunia; na jinsi ilmu hiyo ilivyokaribia kupotea. Katika habari hii jambo moja litaonekana tangu mwanzo hata mwisho: dawa haithibiti kwa ukongwe wake, wala kwa cheo cha mtu aisifuye. Huthibiti kwa kupokelewa kutoka kwa watu wanaojulikana na kutajwa, kisha kwa kupimwa. Mwislamu hana haja ya kulishangaa jambo hilo, kwa maana ndiyo njia aliyofundishwa katika ilmu ya Hadithi.

ILMU YENYE ISNADI

Wanavyuoni wa Hadithi hawakuridhika na neno la mtu asemaye tu, "Nimesikia." Walimwuliza, umesikia kwa nani, naye alisikia kwa nani, na je, mtu huyo alikuwa mkweli na mwenye kumbukumbu nzuri? Mlolongo huo wa wapokezi ndio uitwao isnadi. Hadithi isiyo na isnadi madhubuti haikujengewa hukumu.

Matabibu wa Kiislamu walikuwa na desturi inayofanana na hiyo katika dawa. Ibn Sina, aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037, aliandika katika kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb masharti ya kuijaribu dawa. Alitaka dawa iwe safi, isiyochanganyika na kitu kigeni. Ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja ulio wazi, si kwa mgonjwa mwenye maradhi mengi yaliyochangamana. Wakati wa kufanya kazi kwake uangaliwe. Na matokeo yake yawe yale yale kila mara, ili isije ikawa mgonjwa amepona kwa bahati. Tena akaonya kwamba ni lazima mwisho dawa ijulikane kwa mwili wa mwanadamu, kwa sababu kilichomfaa mnyama huenda kisimfae mtu. Kitabu hicho kilisomeshwa katika vyuo vikuu vya Ulaya kwa karne nyingi.

Baada yake alikuja Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga katika Andalusia, aliyefariki Dameski mwaka 1248. Huyu alisafiri katika nchi za Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati akitafuta mimea, akakusanya katika kitabu chake habari za dawa na vyakula zaidi ya 1,400. Jambo la kusifiwa zaidi katika kazi yake ni hili: kila dawa aliieleza pamoja na majina ya wale waliosema habari zake, Wayunani, Waarabu na Waajemi, na pale alipoona wamekosea alisema wamekosea. Hakumficha mwalimu wake, wala hakumfuata kwa upofu.

Na sheria nayo haikunyamaza. Mafakihi, wakitegemea mafundisho ya Mtume, walihukumu kwamba mtu anayejitia utabibu bila ya kuujua, kisha akamdhuru mgonjwa, huyo ni mdhamini na atatozwa fidia. Basi nia njema peke yake haikuwa udhuru. Mtu alitakiwa ajue kabla ya kunyosha mkono wake kwenye mwili wa mwenziwe.

ZAMA ZA WAKOLONI

Wabelgiji walipowatoa Wadachi katika Rwanda mwaka 1916, walileta hospitali na zahanati, na faida ya vitu hivyo haikanushiki. Huko Astrida, mji ambao baadaye uliitwa Butare na sasa huitwa Huye, Mabradha wa Charity walifungua shule kubwa, Groupe Scolaire, iliyoanza masomo yake mwaka 1932. Miongoni mwa waliofundishwa humo walikuwa wasaidizi wa matabibu. Lakini shule nyingi za nchi zilikuwa mikononi mwa misheni, na watoto wa Kiislamu, waliokaa na wazee wao katika kambi za Waswahili mijini, walibaki nyuma sana katika masomo ya kizungu. Ndiyo sababu mlango wa utabibu wa kisasa ulikuwa mwembamba kwao.

Ama mganga wa miti shamba, ambaye Wanyarwanda humwita umuvuzi, alitazamwa kwa jicho baya. Wamisionari na maofisa wengi hawakutaka kupambanua kati ya mtu anayejua majani na mtu anayepiga ramli. Wote wawili walitiwa katika kapu moja, wakaitwa wachawi. Kosa hilo lilikuwa na madhara mawili. Mwenye ilmu ya kweli alificha ilmu yake kwa hofu, na mdanganyifu akapata kivuli cha kujifichia, kwa kuwa gizani vitu vyote hufanana.

Jambo la ajabu ni kwamba dawa iliyokuwa ikitegemewa kuliko zote katika hospitali zile zile ilikuwa yenyewe dawa ya mti. Kwinini, iliyookoa maisha ya wagonjwa wa malaria wasiohesabika, hutoka katika gome la mti wa sinkona wa milima ya Amerika ya Kusini. Watu wa huko walilijua gome hilo kwanza. Kisha, mwaka 1820, wanakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, walikitoa ndani yake kiini chenye kuponya. Na mti huo haukukaa mbali na Gisenyi. Wabelgiji waliupanda katika milima ya Kivu, na huko Bukavu, upande wa pili wa ziwa hilo hilo, kiwanda cha Pharmakina kilijengwa kwa ajili ya kuyageuza magome kuwa dawa. Kwa hiyo katika bonde moja la ziwa, gome la mti wa mbali lilitukuzwa kwa sababu lilikwisha pimwa, na jani la uani likadharauliwa kwa sababu hakuna aliyelipima.

CHUO KIKUU CHA BUTARE

Rwanda ilipata uhuru mwaka 1962. Mwaka uliofuata, 1963, Chuo Kikuu cha Taifa kilifunguliwa Butare, kwa ushirikiano wa serikali na mapadri Wadominika wa Kanada, na kiongozi wake wa kwanza alikuwa Padri Georges-Henri Lévesque. Utabibu ulikuwa miongoni mwa masomo ya mwanzo kabisa. Katika miaka ya 1970 walimu wa chuo hicho walianza kuigeukia mimea ya nchi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikawapo kituo maalumu cha chuo kikuu cha kuchunguza dawa na tiba za asili, kilichojulikana kwa jina lake fupi la Kifaransa, CURPHAMETRA. Mmoja wa waliokijenga alikuwa mwanakemia wa Kibelgiji, Luc Van Puyvelde. Mwaka 1989 kituo hicho kiliingizwa katika taasisi ya utafiti ya IRST.

Yafaa msomaji aelewe kazi ya kituo cha namna hii, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba chuo kikuu huchukua jani, hulitia katika chupa, basi.

Kazi huanza kwa kuuliza. Mchunguzi huenda kwa waganga vilimani, husikiliza, huandika: mti gani, sehemu gani ya mti, kwa ugonjwa upi, kwa kipimo gani, na nani aliyesema. Kisha tawi lenye majani na maua hukatwa, hukaushwa katikati ya karatasi, hupewa nambari na kuwekwa katika hifadhi ya mimea mikavu. Hatua hii huonekana ndogo, nayo ndiyo msingi. Jina la mti laweza kubadilika kutoka kilima hata kilima, na miti miwili yaweza kuitwa jina moja. Asiyeweka tawi lake mahali pa kuangaliwa, hakuna atakayejua baada yake ni mti gani aliousema. Kwa upande huu Rwanda ilipata bahati ya kitabu kikubwa cha mimea yake, Flore du Rwanda, kilichosimamiwa na Georges Troupin na kutoka kwa juzuu nne kati ya mwaka 1978 na 1988.

Baadaye jani lililokaushwa husagwa na kulowekwa, katika maji au katika spiriti, ili nguvu yake itoke. Maji hayo ya dawa hutiwa katika visahani vyenye vijidudu vya maradhi, kuonekana kama vijidudu vitakufa au vitaendelea kuzaana. Dawa ikionyesha nguvu, mwanakemia huitenganisha sehemu kwa sehemu mpaka akipate kiini chenyewe. Bado hajamaliza. Hutazamwa kama ni sumu, hutazamwa kwa wanyama, hutafutwa kipimo, na mwisho huja kazi ngumu kuliko zote, ya kuijaribu kwa wagonjwa kwa uangalifu na kwa ridhaa yao. Msomaji atayakumbuka masharti ya Ibn Sina.

Umuravumba ulipitishwa katika njia hiyo. Mwaka 1986 Van Puyvelde na wenzake walitangaza kwamba wamekitoa katika majani yake kiini kimoja, cha jamii ya viini viitwavyo diterpeni, chenye uwezo wa kuvizuia vijidudu vya namna kadha wa kadha, bakteria na kuvu. Mti mwingine wa porini, umuhengeri, wenye vijiua vidogo na matunda ya rangi ya zambarau, ulichunguzwa na Pierre-Claver Rwangabo pamoja na wataalamu wa Antwerp huko Ubelgiji. Mwaka 1988 walitangaza kiini kipya ambacho hakikupata kujulikana kabla yake, chenye nguvu juu ya vijidudu, nao wakakiita umuhengerini. Hivyo jina la Kinyarwanda, lililokuwa likitamkwa na wachunga ng'ombe na wachanja kuni, liliingia katika vitabu vya kemia vya ulimwengu, wala haliwezi kufutwa humo. Hiyo nayo ni isnadi: kila atakayekitaja kiini hicho atataja, ajue asijue, lugha ya watu waliompa habari.

Kituo hakikukomea kwenye kuchunguza. Kilipanda mimea katika mashamba yake, kikatengeneza dawa za maji za kikohozi na marhamu za ngozi, zikauzwa kwa wananchi zikiwa na kipimo kilichoandikwa. Mgonjwa aliyekuwa akinywa kwa kukisia sasa aliweza kunywa kwa kijiko.

HESABU ILIYO WAZI

Ni desturi ya wasifu wa miti shamba kusema kwamba yote yaponya, na desturi ya wapinzani wake kusema kwamba yote ni upuuzi. Chuo kikuu kilijibu pande zote mbili kwa hesabu. Mwaka 1995 Arnold Vlietinck wa Chuo Kikuu cha Antwerp, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya uchunguzi wa mimea 100 ya Rwanda inayotumiwa na waganga kwa maradhi ya kuambukiza. Walitengeneza dawa 267 kutoka katika mimea hiyo, wakazijaribu zote.

Juu ya kijidudu cha majipu na usaha, Staphylococcus aureus, asilimia 45 zilionyesha nguvu. Juu ya kuvu moja ya ngozi iletayo choa, Microsporum canis, ni asilimia 80. Lakini juu ya kijidudu cha matumbo kiitwacho Escherichia coli, ni asilimia 2 tu. Kwa virusi, asilimia 27 ya mimea ilionyesha nguvu iliyo dhahiri juu ya kirusi kimoja au zaidi. Na kwa surua peke yake, ni asilimia 2.

Mwenye kuzingatia ataona mambo matatu katika hesabu hiyo. La kwanza, bibi aliyepaka majani juu ya choa na majipu hakuwa mjinga. Kwa maradhi ya ngozi urithi wake ulikuwa na nguvu nyingi. La pili, kwa maradhi mengine urithi huo ulikuwa dhaifu, na mzazi anayemficha mtoto wa surua ndani kwa majani, akaacha kumpeleka kuchanjwa na kutibiwa, amemtegemeza kwenye ukuta usio na msingi. La tatu, na hili husahauliwa hata na wasomi, kuua kijidudu katika kisahani si sawa na kumponya mtu. Tumboni na katika damu mambo hubadilika. Dawa yaweza kudhoofika, au yaweza kudhuru ini na figo, au mimba. Matokeo ya kisahani ni mlango uliofunguliwa, si safari iliyokwisha.

KITABU KILICHOBAKI

Mwaka 1993 Pierre-Claver Rwangabo, yule aliyekitangaza kiini cha umuhengeri, alitoa kitabu kwa Kifaransa juu ya tiba ya asili katika Rwanda, La médecine traditionnelle au Rwanda. Alikusanya humo maradhi, majina yake ya Kinyarwanda, mimea na matumizi yake, yale yaliyokuwa yametawanyika katika vifua vya waganga wa vilima vingi.

Mwaka uliofuata, kuanzia mwezi wa Aprili 1994, yakatokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Msiba huo wajulikana na kila nyumba ya Rwanda, na nyumba za Waislamu zilizowaficha majirani zao zaujua. Chuo Kikuu cha Butare kilipoteza walimu, wafanya kazi na wanafunzi wengi sana, kikafungwa, na hakikufunguliwa tena ila mwezi wa Aprili 1995. Vilimani waliuawa wazee ambao hakuna aliyewahi kuandika neno moja la ilmu yao. Rwangabo alisalimika katika msiba huo, akawekwa kuwa mkuu wa mkoa wa Butare. Lakini mwezi wa Machi 1995 naye akauawa.

Kama angaliahirisha kitabu chake miaka miwili, kisingalikuwapo. Waganga wengi waliozungumza na wachunguzi wa Butare walikwisha kutoweka, na mwandishi mwenyewe alitoweka, karatasi imebaki. Wala si kwa sababu karatasi ni bora kuliko mtu. Ni kwa sababu mtu mmoja alikuwa na adabu ya kuuliza na wengine walikuwa na ukarimu wa kujibu, kabla ya siku ambayo hapana aliyeijua. Waislamu wameyapata mafunzo haya katika historia yao wenyewe. Qurani yenyewe ilikusanywa katika msahafu mmoja, zama za Abubakar, Mungu amwie radhi, baada ya wahifadhi wengi kuuawa katika vita vya Yamama, kwa kuchelea isije ikapotea kwa kufa kwa wale walioibeba vifuani.

VYUO VYA NCHI JIRANI

Butare haikuwa peke yake. Huko Dar es Salaam, kitengo cha kuchunguza dawa za asili kilianzishwa katika hospitali ya Muhimbili mwaka 1974, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam; baadaye kikawa Taasisi ya Tiba Asili, na sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Hapo vijana husoma ilmu hii kwa shahada, wakitoka darasani kwenda kwa waganga wa vijijini na kurudi maabara. Mwaka 2002 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyoweka baraza la kuwaandikisha waganga na kuwasimamia. Katika Uganda, Chuo Kikuu cha Mbarara kina kituo cha kufundisha na kuchunguza dawa za asili kwa wanafunzi wa nchi mbalimbali za Afrika Mashariki. Katika Rwanda, mamlaka ya chakula na dawa iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2018 husimamia pia dawa za mimea.

Na mbali zaidi, katika nchi ya China, mwanamke mmoja mtaalamu wa dawa, Tu Youyou, aliuchunguza mti wa pakanga ambao tabibu mmoja wa kale wa Kichina, Ge Hong, aliutaja kwa homa katika karne ya nne. Ge Hong alisema jani lilowekwe katika maji, wala hakutaja kulichemsha. Neno hilo dogo la kale lilimwonyesha Tu Youyou njia, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na wenzake wakakipata kiini cha artemisinini, kinachotumika leo katika dawa za malaria duniani kote. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Lau mwandishi wa kale asingaliandika jinsi ya kuloweka, na si jina la mti tu, huenda jambo hilo lingaliendelea kufichika.

Dawa hiyo hiyo yatoa onyo. Wapo watu wanaopanda pakanga na kunywa majani yake kama chai, wakidhani ni sawa na vidonge. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba haliungi mkono matumizi hayo, kwa kuwa kiini kilichomo katika chai ni kidogo tena hakina kipimo cha kutegemewa. Dawa pungufu huviacha hai vijidudu vilivyo sugu. Na jambo hili si la kuchezewa katika Rwanda, kwa maana mwaka 2020 wachunguzi walitangaza kwamba vijidudu vya malaria vyenye alama ya usugu juu ya artemisinini vimeonekana nchini humo.

MSITU NA AMANA

Iko hatari nyingine, nayo haiko mbali na mji wa Gisenyi. Msitu wa Gishwati, uliokuwa na hektari 28,000 hivi katika miaka ya 1970, ulikatwa kwa ajili ya malisho ya mifugo katika miaka ya 1980, kisha kwa makazi na mashamba ya watu waliokosa pa kukaa baada ya 1994, hata mwanzoni mwa karne hii yakabaki mapande ya hektari 600 hivi. Vilima vilivyovuliwa nguo viliporomoka kwa mvua, mafuriko yakawafikia watu wa mabondeni. Baadaye serikali ikaanza kuupanda upya, na msitu huo pamoja na ule wa Mukura ukafanywa mbuga ya taifa. Kazi hiyo yastahili kusaidiwa na kila mwenye akili, kwa sababu msitu ukiteketea hakuna chuo kikuu kitakachoweza kuchunguza mti usiokuwapo. Duka la dawa limeungua kabla ya daftari lake kusomwa.

Na haki ya mwenye ilmu nayo imeanza kuangaliwa. Mapatano ya Nagoya ya mwaka 2010, yaliyoanza kutumika mwaka 2014, na ambayo Rwanda imo ndani yake, yataka mtu anayechukua mimea ya nchi na maarifa ya watu wake aombe ruhusa kwanza, na faida ikipatikana wagawane. Zamani mganga alificha dawa yake kwa kuogopa kuibiwa au kushitakiwa. Hofu hizo mbili zikiondoka, udhuru wa kuficha nao huondoka.

Jumuiya ya Waislamu wa Gisenyi ina nafasi yake katika jambo hili. Lugha yake ya Kiswahili ni daraja linalowafikisha watoto wake Dar es Salaam na Mombasa kama linavyowafikisha Goma na Bukavu. Madrasa zake zimewazoesha watoto kuuliza, "Nani kasema?" Milango ya vyuo vikuu iliyokuwa imefungwa kwa babu zao, sasa wajukuu huingia humo. Lililobaki ni kijana mmoja kuketi na bibi yake kwa daftari, amwandikie jina la kila jani, kilima lilikotoka, kipimo chake, na jina la aliyemfundisha. Kisha alipeleke tawi kwa wataalamu lipate nambari. Na mganga mwaminifu naye aseme waziwazi, "Ugonjwa huu siuwezi, nenda hospitali," kwa kuwa neno hilo ni katika ilmu na si katika aibu. Lakini yule anayechanganya majani na ramli, akawatoza maskini fedha kwa siri zisizoulizika, huyo hana isnadi wala kipimo, na sheria ya dini na sheria ya nchi zamkataa.

Umuravumba bado wapandwa karibu na nyumba, na harufu yake ni ile ile. Tofauti ni kwamba leo mtu akiulizwa kwa nini amnywesha mtoto, aweza kujibu zaidi ya kusema ndivyo walivyofanya wazee. Aweza kusema wazee walisema nini, wachunguzi waliona nini, kikomo chake ni wapi, na zahanati iko wapi. Maradhi na dawa vyote vimetoka kwa Mwenyezi Mungu, naye ndiye Mwenye kuponya. Kazi ya mwanadamu ni kuitafuta dawa kwa uaminifu, kuipima kwa haki, na kuifikisha kwa aliye baada yake pamoja na jina la aliyeipokea kwake.